Habari za Daktari Laennec, Aliyesikiliza Vifua vya Wagonjwa

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kukaa mbele ya daktari, wakafungua vifungo vya shati, wakaambiwa wavute pumzi kwa nguvu, naye akaweka chombo chake kifuani akanyamaza, akisikiliza. Chombo kile huitwa stethoskopu. Kabla ya mwaka wa 1816 hakikuwapo mahali po pote duniani. Mwezi huu tumeona vema kuwasimulia maisha ya mtu aliyekitengeneza, René Laennec, Mfaransa, profesa wa udaktari katika mji wa Paris. Walijuao jina lake humjua kwa ajili ya chombo tu, hali chombo kilikuwa sehemu ndogo ya kazi yake.

Alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 katika mji wa Quimper, jimbo la Bretagne, upande wa magharibi kabisa wa Ufaransa, karibu na bahari. Watu wa Bretagne wana lugha yao wenyewe isiyofanana na Kifaransa, na siku zile wakubwa wa mijini waliidharau kuwa lugha ya washamba. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu wa maneno matamu na mashairi, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Mama yake alikufa mwaka wa 1786, mtoto akiwa na miaka mitano. Hudhaniwa kwamba kifua kikuu ndicho kilichomwua. Baba hakuweza kuwalea watoto wake. Kwanza waliwekwa kwa ndugu yake aliyekuwa padre, na mwaka wa 1788 wakapelekwa mji wa Nantes kwa ndugu yake mwingine, Guillaume Laennec, aliyekuwa daktari.

Huyu Guillaume ndiye aliyekuwa baba yake kwa kweli. Alimpa shule, alimpa vitabu, akamwonyesha wagonjwa wake. Siku zile zilikuwa za hatari kuu, kwa maana Ufaransa ilikuwa katika Mapinduzi, na mwaka wa 1793 mashine ya kukatia vichwa ilisimamishwa uwanjani, mbele ya madirisha ya nyumba yao. Mtoto aliyaona hayo. Tena aliona jinsi baba yake huyu mlezi alivyokwenda hospitali kila siku, ijapokuwa mji ulijaa damu na homa. Mwaka wa 1795, akiwa na miaka kumi na minne tu, akaanza kazi katika hospitali ya Nantes, akifunga vidonda na kujifunza majina ya mifupa. Nyakati za kupumzika alipiga filimbi, na wakati mwingine alicheza dansi kuliko ilivyowapendeza wazee wake.

Mwaka wa 1801 akaenda Paris kusoma. Baba yake alikawia kuleta fedha, na barua nyingi alizoandika kijana zilikuwa za kuomba koti na viatu. Lakini huko Paris akampata mwalimu hodari, Corvisart, aliyekuwa baadaye daktari wa Napoleon. Corvisart alikuwa na desturi mbili ambazo Laennec hakuziacha tena. Ya kwanza ni kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole, kama mtu agongavyo pipa kujua maji yamefika wapi. Njia hiyo ilikuwa imeandikwa na daktari mmoja wa Vienna, Auenbrugger, mwaka wa 1761, wala watu hawakuisikiliza, Corvisart aliifufua. Desturi ya pili ni hii: mgonjwa akifa, mwili wake ulipasuliwa, na daktari alisimama mbele ya wanafunzi wake kuona kama yale aliyoyasema juu ya ugonjwa akiwa hai ni kweli au si kweli. Hapo hapakuwa na pa kujificha.

Laennec alifanya bidii sana. Mwaka wa 1803 akapewa tuzo za kwanza za udaktari na za upasuaji pia, na mwaka wa 1804 akawa daktari kamili. Katika miaka ile alijifunza Kiyunani apate kusoma maandiko ya Hippocrates katika lugha yake yenyewe. Tena katika miaka ile ile alirudi katika ibada, akawa Mkatoliki wa moyo mpaka kufa kwake. Sisi si wa kanisa lile, lakini hatuoni sababu ya kuipita habari hii kimya, kwa kuwa wenzake wengi wa Paris waliona haya kuonekana kanisani, naye hakuona haya.

Mtu angedhani kwamba kijana wa namna hii angepewa kiti cha ualimu mara moja. Haikuwa hivyo. Miaka kumi na miwili ilipita bila cheo, kwa maana vyeo vilikwenda kwa wenye jamaa na wakubwa. Akaishi kwa kuwatibu watu wa mjini na kwa kuwafundisha wanafunzi waliomlipa wenyewe, akiwaonyesha katika miili ya wafu alama ambazo magonjwa huacha. Yeye ndiye aliyetenga na kueleza uvimbe mweusi wa saratani uitwao melanoma, na baadaye ndiye aliyelipa jina ini lililokauka na kuwa gumu, akaliita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya manjano iliyofifia. Mdogo wake, aliyelelewa pamoja naye, alikufa mwaka wa 1810 kwa kifua kikuu. Yeye mwenyewe alikuwa mwembamba, mfupi, mwenye kukohoa, na mara nyingi pumzi ilimbana.

Kuna jambo moja la mwaka wa 1814 ambalo linatupendeza kupita mengine ya miaka ile. Vita vya Napoleon vilikuwa vinakwisha, na hospitali za Paris zilijaa askari vijana, wengi wao wenye homa kali. Kati yao walikuwamo vijana wa Bretagne wasiojua Kifaransa. Walilala katikati ya watu wasioelewa hata neno moja la maumivu yao, wakafa kwa huzuni pamoja na ugonjwa. Laennec akaomba ruhusa wakusanywe mahali pamoja katika hospitali ya Salpêtrière, akawatibu akisema nao kwa lugha ya kwao, lugha ile iliyodharauliwa. Msomaji aliyewahi kumtembelea mgonjwa aliyelazwa mbali na kabila lake atajua thamani ya jambo hilo bila sisi kuieleza.

Mwaka wa 1816 rafiki mmoja aliyekuwa na madaraka serikalini akampatia kazi katika hospitali ya Necker. Haikuwa hospitali ya fahari, wala haikuwa cheo cha profesa. Lakini alikuwa na vitanda vyake sasa.

Siku moja mwaka ule aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa kuwa alikuwa mnene, kugonga kifua hakukuleta sauti iliyo wazi. Njia nyingine ni kuweka sikio juu ya kifua, nayo madaktari waliijua tangu zamani za Wayunani, lakini msichana alikuwa kijana na heshima ilikataza. Laennec akakumbuka jambo ambalo kila mtu amewahi kuliona: ukikwaruza ncha moja ya gogo kwa sindano, mtu aliyeweka sikio katika ncha ya pili husikia sauti wazi kabisa. Akachukua karatasi, akazikunja kwa kukaza zikawa kama mwanzi, akaweka upande mmoja juu ya moyo wa msichana na sikio lake upande wa pili. Akastaajabu, kwa maana mapigo ya moyo yalisikika wazi kuliko alivyowahi kuyasikia kwa sikio tupu. Wengine waliokuja baadaye wameongeza hadithi ya watoto waliokuwa wakicheza na boriti katika ua wa Louvre. Hadithi ni nzuri, lakini yeye mwenyewe hakuiandika.

Akaanza kutafuta kitu kifaacho kuliko karatasi. Akajaribu kioo, akajaribu madini, akajaribu hata ngozi nyembamba iliyojazwa hewa, akaona mti ndio bora. Akanunua keezo, akawa anakereza vyombo vyake mwenyewe nyumbani, kama fundi: kijiti cha mviringo chenye urefu wa sentimeta 30 hivi, chenye tundu jembamba katikati, kilichogawanyika vipande viwili kipate kuingia mfukoni. Kwanza alikiita mwanzi tu. Watu wakabuni majina mengi mabaya, ndipo akaona afadhali akipe jina mwenyewe, akachukua maneno mawili ya Kiyunani, kifua na kutazama.

Lakini mwanzi ule haukumwambia neno lo lote kwa wenyewe. Nani alijua maana ya sauti zile? Mapafu ya mgonjwa yalitoa milio ambayo hakuna mtu aliyeisikia, wala haikuwa na majina. Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya Laennec. Miaka mitatu alikwenda kitanda kwa kitanda, akisikiliza na kuandika. Mlio mmoja ulifanana na chumvi inapopasuka juu ya chungu cha moto. Huo aliusikia mwanzo wa homa ya mapafu. Sauti ya wengine wakisema ilitetemeka kama mlio wa mbuzi. Hao walikuwa na maji kati ya pafu na mbavu. Kwa wengine ulisikika mlio mdogo, kama chembe ya mchanga inayoangushwa katika kikombe cha kaure. Mgonjwa alipokufa, mwili ulifunguliwa, na Laennec akatazama mahali palepale alipokuwa ameweka mwanzi wake.

Mfano mmoja unatosha. Mwanamke mmoja wa miaka ishirini na minane hivi alikuja na homa ndogo na kikohozi kidogo tu. Laennec alipoweka mwanzi chini ya mfupa wa bega la kulia akamwambia aseme, sauti ya mwanamke yule ilionekana kutoka kifuani moja kwa moja, ikapita katika mwanzi mpaka sikioni. Akashangaa. Akatafuta jambo hilo kwa wagonjwa wengine, akalipata kwa watu ishirini hivi, karibu wote wenye kifua kikuu kilichoendelea sana. Baadhi yao walipokufa na kupasuliwa, mahali pale palionekana shimo ndani ya pafu, lililoachwa na nyama iliyooza na kukoholewa. Basi sasa alijua maana ya sauti ile. Nasi tukifikiri neno hili, tunaona uzito wake: kuanzia siku ile aliweza kumsikiliza mtu anayetembea na kucheka, akajua kwamba pafu lake limekwisha kutoboka.

Tena aliona kwamba wagonjwa walikuwa wakiyasikia maneno yake anapowaambia wanafunzi. Neno la Kifaransa alilotumia kwa ile milio ya mapafu, kwa watu wa kawaida lilikuwa na maana ya mkoromo wa mtu anayekata roho. Kwa hiyo alipokuwa karibu na kitanda alilitaja kwa Kilatini, asimtie mtu hofu.

Mwaka wa 1819 akatoa kitabu chake juu ya kusikiliza kifua kwa chombo, vitabu viwili vyenye kurasa zaidi ya 900. Ndani yake aliyatenga magonjwa ya mapafu moja moja: homa ya mapafu, maji ya kifuani, mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi, mirija ya pumzi iliyopanuka, hewa iliyotoroka nje ya pafu. Juu ya kifua kikuu alionyesha kwamba vile vijivimbe vidogo, viwe katika mapafu au katika matumbo au katika mifupa, ni ugonjwa mmoja. Kabla yake walidhani ni magonjwa mengi. Daktari John Forbes alikifasiri kwa Kiingereza mwaka wa 1821, naye katika dibaji yake aliandika kwamba ana shaka kama chombo hiki kitatumiwa na watu wengi. Shaka yake haikutimia.

Kitabu kilipotoka, mwandishi wake alikuwa amechoka kabisa. Akaacha Paris akaenda shamba la jamaa zake liitwalo Kerlouarnec, karibu na Douarnenez huko Bretagne, akakaa miaka miwili, akilima na kutembea kandokando ya bahari na kusema lugha ya kwao. Nguvu zikarudi kidogo. Mwishoni mwa mwaka wa 1821 akarudi Paris, na ndipo vyeo vilivyomkimbia vikamjia kwa pamoja. Mwaka wa 1822 alifanywa profesa katika Collège de France, tena daktari wa nyumba ya kifalme. Mwaka wa 1823 akawa profesa wa udaktari katika hospitali ya Charité, mahali pale pale alipofundishwa na Corvisart. Wanafunzi walimjia kutoka Uingereza, Ujerumani na nchi nyingine, na kwa ajili ya wageni hao alifundisha mara nyingi kwa Kilatini. Mmoja wao alikuwa Thomas Hodgkin, ambaye jina lake limebaki hata leo katika ugonjwa mmoja wa tezi.

Hata hivyo hatutaki kumpamba kuliko alivyokuwa. Kiti chake cha Charité kilikuwa na uchungu ndani yake. Novemba 1822 serikali ya mfalme ilifunga shule ya udaktari kwa sababu ya ghasia za wanafunzi, na ilipofunguliwa mwaka uliofuata, maprofesa kadhaa wazee walikuwa wamefukuzwa kwa kuwa hawakupendwa na wakubwa. Mmojawapo alikuwa Pinel, mzee aliyeheshimiwa sana kwa kuwatetea wagonjwa wa akili. Laennec alikuwa katika baraza lililotengeneza mpango mpya, naye akapata kiti. Wengi hawakumsamehe. Sisi nasi, tukiisoma habari hii, tungependa angalau angekataa.

Tena palikuwa na Broussais, daktari mwenye sauti kubwa, aliyefundisha kwamba karibu magonjwa yote ni mwasho wa tumbo, na dawa yake ni kutoa damu kwa miruba. Miruba ililetwa Ufaransa kwa mamilioni. Broussais alimdhihaki Laennec kwamba anatazama maiti na kusikiliza milio wala haponyi mtu. Juu ya miruba Broussais alikosa, lakini dhihaka yake iligusa mahali penye maumivu. Laennec aliujua ugonjwa wa kifua kikuu kuliko mtu ye yote aliyekuwa hai, na dawa hakuwa nayo. Alijaribu kuweka mwani mbichi wa baharini wodini, kuvizunguka vitanda, kwa kuwa aliamini hewa ya pwani huponya. Wagonjwa wakafa.

Hata asili ya ugonjwa haikumfunukia. Alisimulia kitabuni habari ya nyumba moja ya watawa wanawake mjini Paris, iliyokuwa na sheria kali mno, ambayo yeye alikuwa daktari wake kwa miaka kumi. Katika miaka ile watawa walikufa kwa kifua kikuu hata nyumba ikajazwa watu wapya mara mbili au tatu. Waliosalia walikuwa mkuu wa nyumba, mtunza bustani, na masista wa jikoni na wa chumba cha wagonjwa. Laennec akasema sababu ni huzuni: wale wenye kazi nyingi na ruhusa ya kutoka hawakuwa na huzuni kama wenzao. Sisi leo tukisoma habari hiyo tunaiona kwa namna nyingine. Watu wengi walilala na kusali na kula pamoja katika vyumba vilivyofungwa, wakikohoa, na ugonjwa ulipita toka pumzi ya huyu hata pumzi ya yule. Aliyeshinda bustanini alipona. Ushahidi wote alikuwa nao mkononi, tena aliuandika kwa uaminifu hata neno la watunza bustani, ndiyo sababu sisi twaweza kuusoma. Ilimpasa mtu mwingine, Robert Koch wa Ujerumani, kukiona kijidudu chenyewe mwaka wa 1882, na dawa ya kwanza yenye nguvu juu yake ilipatikana mwaka wa 1943 huko Marekani. Katekista anayeingia nyumba ya mwenye kifua kikuu na kufungua dirisha amefanya jambo ambalo profesa huyu mkuu hakulijua.

Yamkini aliubeba ugonjwa mwilini mwake tangu zamani. Alipokuwa kijana alikuwa akikata kwa msumeno mifupa ya mgongo ya mtu aliyekufa kwa kifua kikuu, msumeno ukamkwaruza kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kikaota kijivimbe, naye akakichoma kwa dawa kali mpaka kikaisha. Aliieleza habari hiyo katika kitabu chake bila woga, kama anayeeleza habari ya mgonjwa mwingine.

Desemba 1824 alimwoa mjane aliyekuwa akiitunza nyumba yake, Jacquemine Argou. Furaha yao ilikuwa fupi. Mwaka wa 1826, akimaliza kukitengeneza upya kitabu chake kwa chapa ya pili, homa na kikohozi na kuhara vilimshika, akakonda. Akamwomba jamaa yake kijana, Mériadec Laennec, aliyekuwa daktari, amsikilize kifua kwa chombo chake na kumwambia anachosikia. Mériadec akasikiliza. Ilikuwa milio ile ile ambayo mzee wake alikuwa ameipa majina, na kila mmoja wao alijua maana yake.

Akaondoka Paris akarudi Kerlouarnec, njia ndefu kwa gari la farasi. Hewa ya kwao ilimpa siku chache za nafuu. Tarehe 13 Agosti 1826, husimuliwa kwamba alizivua pete zake polepole, moja moja, akaziweka mezani. Alipoulizwa, alieleza kwamba muda si mrefu mtu mwingine angelazimika kuifanya kazi hiyo, naye hakutaka kumpa mtu uchungu huo. Akafa siku ile ile, akiwa na miaka arobaini na mitano, akazikwa katika makaburi ya Ploaré. Karatasi zake na stethoskopu yake aliyoikereza kwa mikono yake alimwachia Mériadec.